Swali la Tatu la Bwana Fahd

Muscat, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Kheiria,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya Ramadhani ilinifikia mwezi wa Aprili, na leo ni Oktoba. Mtu aliyefundisha wengine kwa miaka thelathini kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki moja hana udhuru wa kuuleta mbele yako. Kwanza nilisumbuliwa na macho, kisha na daktari wa macho, kisha na uvivu, na huo uvivu ndio uliokula muda mrefu zaidi.

Sisi wazima. Wifi yako Muhsina anakusalimu. Goti linamtesa lakini amekataa fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee, naye ametimiza miaka sabini na moja. Mitende yetu ya Qurayyat ilizaa vizuri, na nimekuwekea kopo la tende nitakalompa msafiri wa kwanza aelekeaye huko. Nyonga yako je? Tangu alipofariki mumeo Badr, Mungu amrehemu, nakufikiria peke yako katika nyumba ile yenye ngazi nyingi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu katika nyumba hii husomwa na kila mtu, na jambo hili si la kila mtu. Ishaq hawezi kusoma Kiswahili cha mkono, kwa hiyo hata akiiona barua mezani haitamshughulisha.

Mwanao yupo salama. Huu ni mwaka wa pili tangu aje kwangu. Kila alasiri huenda mtaa wa Ghala, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya magereji, kuwafundisha washambuliaji wa klabu moja ndogo. Huko wote wanajua kwamba alicheza Uholanzi miaka kumi na saba, akafunga mabao mia moja sitini na matatu, tisini na saba kati yake kwa kichwa, na kwamba magazeti ya huko yalimwita Nyundo. Mafundi wa magari hutoka na mikono yao ya girisi kuja kumtazama. Yeye huona haya, akainama kufunga kamba za viatu.

Sasa jambo lenyewe. Rafiki yangu Fahd bin Musallam, niliyefanya naye kazi Wizara ya Elimu tangu ujana, ana binti anayeitwa Balqees. Ana miaka thelathini na sita na anafundisha kemia katika shule ya wasichana. Yeye na Ishaq wameonana mbele ya wakubwa, na wote wawili wameridhika. Fahd alikuja kwangu akaniuliza maswali matatu ambayo baba wa binti humwuliza anayemsimamia mposaji: dini yake, tabia yake, na kama ana ila yoyote ya mwili ambayo mke ana haki ya kuijua.

La kwanza na la pili niliyajibu palepale. Kuhusu tabia Fahd mwenyewe alinisaidia. Unazijua salamu zetu: hali, watoto, habari, kisha hali tena. Ishaq huzitimiza zote, na kahawa ikishanywewa huzianza upya tangu mwanzo. Fahd akasema, "Mpwa wako ana adabu za watu wa zamani." Nikajivunia.

La tatu nilisema kwamba kwa nijuavyo ni mzima, lakini nitamwuliza mamake. Fahd atangoja.

Lipo dogo moja. Mwezi uliopita alimpeleka Muhsina kwa mshonaji huko Hamriya, akaenda kutafuta pa kuegesha gari, akarudi nyumbani bila yeye. Muhsina alingoja saa mbili, akarudi kwa teksi. Nilimkemea. Alimwomba radhi Muhsina asubuhi, akamwomba tena adhuhuri, akamwomba tena alasiri, kwa maneno yaleyale. Nikasema moyoni kwamba haya ni malezi ya Kheiria.

Je, Ishaq ana maradhi yoyote nisiyoyajua? Nijibu kwa ndiyo au siyo.

Kakako,
Sleyum


Breda, Uholanzi, 17 Novemba 2024

Kaka yangu Sleyum,

Shikamoo. Nnakuombea macho yako yazidi kupata nuru, na wifi yangu Muhsina nnambusu mikono. Mwambie hata mie nimeikataa fimbo; nnatembea nikishika kuta.

Hapa mvua haikatiki. Jirani yangu wa juu amehama, na sasa jengo zima limekuwa kimya mpaka nnasikia jokofu la mtu wa pili. Lakini barua yako imenifanya nicheke peke yangu jikoni. Balqees. Jina zuri, na kazi nzuri. Niletee picha yake, Kaka. Bangili ya marehemu mama, ile tuliyotoka nayo Unguja imefichwa ndani ya mkate, nimeitoa kabatini na kuisugua. Ni yake.

Unakumbuka Ishaq alivyoanza? Alikuwa na miaka tisa, mrefu kuliko wenzake wote, miguu hajui aiweke wapi. Mwalimu wao akasema huyu asimame mbele ya goli tu, mipira ataletewa. Basi kila Jumamosi Badr alimrushia mipira mia moja nyuma ya nyumba, kwa kichwa, mia moja kamili, na mie nnahesabu dirishani. Akikosa, tunaanza upya. Alipofunga bao lake la kwanza la ligi, kona ya dakika ya themanini na nane, alikimbia moja kwa moja mpaka nilipokaa akanionesha kidole: moja. Watu wakadhani anajisifu. Alikuwa anaendeleza hesabu yetu. Aliwahi kuitwa timu ya taifa mara moja, akakaa benchi dakika tisini na jezi yake haikulowa jasho. Jezi hiyo nnayo mpaka leo, sijaifua.

Kuhusu afya uliyouliza, Ishaq alizaliwa na kilo nne, hajapata kulazwa hata kwa homa. Huchoka tu, kama wachezaji wote. Asiendeshe gari peke yake masafa marefu, na mambo yake mkumbushe ayaandike kwenye daftari. Daftari amelizoea. Taa ya ushoroba msimzimie.

Harusi iwe karibu, Kaka. Msiiweke mbali.

Dada yako mdogo,
Kheiria


Muscat, 12 Desemba 2024

Kheiria,

Marahaba. Barua yako ilifika salama, na bangili ililetwa na msafiri wako Jumatano. Muhsina ameiweka pamoja na dhahabu zake. Baridi imeingia, kiasi cha baridi yetu. Mwanangu Shihab amepata uhamisho kutoka Salalah, tunamtarajia mwezi ujao.

Nilikuuliza swali la ndiyo au siyo. Umenijibu kwa kilo nne.

Nitakueleza yaliyotokea, kisha nitauliza tena. Ijumaa iliyopita nilikwenda na Ishaq Qurayyat kuangalia mitende. Baada ya swala ya alasiri sikumwona. Nilimtafuta shambani, kisha msikitini, kisha nikashuka sokoni pwani. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la samaki lililopinduliwa, na wauza samaki wamemzunguka. Mmoja alikuwa amempa maji. Alikuwa akiongea Kiholanzi. Nilimsemesha Kiswahili, akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemwelewa. Nikamsemesha Kiarabu, ikawa vilevile. Alirudia neno moja, akiinyooshea kidole barabara. Nimeliandika kama masikio yangu yalivyolisikia: spelasingang. Muuza samaki akaniuliza kwa huruma, "Sheikh, huyu ni ndugu yako kweli?"

Ilipita robo saa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chako cha Unguja, "Mjomba, tumeshaswali?"

Njia nzima ya kurudi niliendesha mimi, na nilizifikiria salamu zake. Kheiria, tuliziita adabu. Mtu anaponiuliza hali yangu mara tatu, mimi na Fahd tunaona amelelewa. Watu wengine wowote duniani wangeshituka mara ya pili. Sisi tulimsifu. Na radhi zile tatu alizomwomba Muhsina, mimi mwalimu, niliyekuwa nikimsimamisha mwanafunzi aliyerudia sentensi, nilizisikia zote nikaona ni malezi.

Fahd anataka nikaha iwe Shawwal, baada ya Idi. Hataniuliza tena, ananijua kwamba nikiahidi jibu nitalileta. Nikimposea Ishaq binti yake kwa jibu la uongo, sina uso wa kuingia naye msikiti mmoja.

Neno hilo lina maana gani? Na je, Ishaq ana maradhi?

Sleyum


Muscat, 8 Januari 2025

Kheiria,

Baada ya salamu: sijapata jibu. Nimepiga simu mara nne. Mara mbili haikupokelewa; mara mbili umenisomea habari za mvua kisha ukasema mlango unabishwa.

Tumekwisha mwambia Ishaq kwamba gari lake lina hitilafu. Jirani ndiye anayempeleka Ghala. Jana wachezaji walimwomba awaoneshe anavyopiga kichwa, akakataa, akakaa chini akashika kichwa kwa mikono miwili. Alipoulizwa alisema, "Huo mpira mwepesi lakini nnausikia mpaka kwenye meno."

Nakusihi. Sikuamuru, nakusihi.

Sleyum


Breda, 26 Januari 2025

Kaka Sleyum,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Nyonga ileile. Salamu kwa Muhsina na Shihab.

Spelersingang ni mlango wa wachezaji, ule wa ubavuni mwa uwanja ambao watazamaji hawaruhusiwi kuupita. Alikuwa akiutafuta hapa pia. Miaka mitatu baada ya kuacha mpira alianza kwenda uwanjani siku ambazo hakuna mechi, akasimama kwenye mlango huo na begi lake, akingoja afunguliwe. Mlinzi alikuwa akinipigia simu. Alikuwa mtu mwema, akimwita Nyundo, akimwambia leo kocha amefuta mazoezi, rudi nyumbani. Siku moja aliwekwa mlinzi mwingine asiyemjua, akamsukuma.

Jibu ni ndiyo, Kaka.

Madaktari walimpiga picha za kichwa mwaka elfu mbili na ishirini na mbili. Walisema ubongo wake ni wa mtu wa miaka sabini. Walisema ni mipira, na yale magoti na viwiko vya mabeki, na ugonjwa huu hauponi, unakwenda mbele tu. Ishaq alikuwepo. Alisikia kila neno, akaandika kwenye daftari, akamshukuru daktari. Mwezi uliofuata nilimkatia tiketi ya kuja kwako. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini sijakwambia.

Nilidhani joto, na nyumba yenye watu, na adhana mara tano kwa siku, vitamshika pahala pamoja. Hapa ana mie tu, na nnatembea nikishika kuta. Nikifa, serikali itamweka kwenye nyumba ya wagonjwa ambamo hakuna mtu atakayemwita kwa jina lake. Kwa ajili hiyo nilifurahi uliponiandikia habari za Balqees. Nnakiri. Sikumfikiria Balqees hata kidogo. Nilifikiri: sasa yupo mtu.

Ndani ya bahasha nimetia barua moja ya zamani. Sikuitia ili nikulaumu. Ni yako. Alipoumia kichwa mara ya tatu, daktari wa klabu alisema aache. Klabu ilisema asubiri wiki sita arudi, kwani alikuwa ametia saini miaka minne zaidi. Badr alitaka aache. Mie sikujua la kufanya, nikakuandikia wewe, kwa kuwa baba hayupo na wewe ndiye mkubwa wetu. Ulipojibu nilimsomea Ishaq mezani. Akasema, "Kama mjomba amesema, basi." Akarudi uwanjani. Mabao arobaini na moja aliyafunga baada ya hapo.

Mimi nilihesabu mipira, wewe uliandika barua. Basi tumlipe kwa kunyamaza. Usimwambie Fahd, Kaka. Huyo binti ni mwalimu, ana subira, atamzoea taratibu. Sijapata kukuomba jambo tangu tulipotoka Unguja.

Kheiria


Muscat, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Kheiria,

Ramadhani njema, na Mungu akupokelee funga yako peke yako huko. Leo ni siku ya tisa. Muhsina anakusalimu, amekubali fimbo. Shihab amefika na mkewe, nyumba ina kelele, na hilo limenisaidia.

Barua yangu ya tarehe 3 Mei 2011 nimeisoma mara tatu. "Mtu aliyetia saini hukaa mpaka siku ya mwisho aliyoisaini. Kichwa kitapona. Jina la mvunja mkataba haliponi." Lugha yake haina kosa hata moja, nilitafuta. Niliiandika kwa dakika kumi hivi, nakumbuka, kisha nikaenda kula. Sikuuliza aliumia vipi. Sikuuliza mara ngapi. Mtoto wako alikuwa na miaka ishirini na saba na alihitaji mtu mzima mmoja wa kumwambia inatosha, nami nilimwandikia hotuba. Sina la kukueleza juu yake. Nikiomba radhi nitakuwa nimejipa nafasi ya kusamehewa, na wa kunisamehe huenda kesho hakumbuki kosa.

Umeniomba ninyamaze. Imenichukua mwezi mzima, na siwezi. Nilichokikosa mara ya kwanza ni kuuliza, basi safari hii nilimwuliza yeye kwanza.

Tuliketi uani baada ya alasiri. Nilimwambia kwamba najua, na kwamba nitakwenda kwa Fahd. Hakushituka. Alisema, "Mjomba, Balqees nimeshamwambia." Kisha akaitazama mikono yake. "Nnadhani nimeshamwambia."

Akatoa daftari. Anaandika Kiholanzi, akanitafsiria kwa kidole: Mwambie Balqees. Akafunua ukurasa mwingine: Mwambie Balqees. Nilihesabu mara kumi na moja, katika kurasa mbalimbali. Penginepo pana tiki, penginepo hapana. Nikamwuliza tiki zina maana gani. Alisema, "Kwamba nimefanya. Lakini kuna siku nnaogopa niliitia ili nipumzike tu."

Sijapata kuona ushujaa wa namna hiyo, Kheiria, na mimi na wewe tulikuwa tukijadili namna ya kumficha.

Jumatano nilikwenda kwa Fahd peke yangu. Hakukuwa na kahawa kwa ajili ya mfungo, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilimwambia kwamba jibu la swali la tatu ni ndiyo, nikamweleza yote, na barua yangu ya zamani nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Miezi mitano, Sleyum." Kisha akamwita Balqees.

Aliingia na vitabu vya wanafunzi mkononi. Baba yake alipoanza kumweleza, alimkatiza kwa upole. "Najua, baba. Ameniambia mara nne."

Fahd akamwuliza kwa nini hakumwambia.

"Ilikuwa siri yake. Kila mara alisema kesho atakuja kwako mwenyewe."

Nikamwuliza Ishaq alisema nini hasa. Akaviweka vitabu chini. "Kila mara huanza kana kwamba ni mara ya kwanza. Hueleza habari za daktari, na za picha. Mwishoni huniomba nikatae. Mara ya pili nilimwambia ulishaniambia, akaona haya sana. Tangu hapo nami nasikiliza kama sijui."

"Na umemjibu nini?" Fahd aliuliza.

"Bado sijamjibu," alisema. "Nikimjibu akasahau, itanibidi nimjibu tena. Nataka niwe na neno ambalo naweza kulirudia."

Ameomba muda mpaka Idi. Fahd amesema hatamlazimisha kukubali wala kukataa, lakini uso wake niliuona, na mimi pia nina mabinti. Balqees ameniuliza pia madaktari walitaja miaka mingapi, na kama atafika siku ya kutomjua mkewe. Nitumie karatasi zote za hospitali, zote, usichague. Anazitaka kabla ya kuamua, na ni haki yake. Kama hutazituma, nitamwambia kwamba zipo na kwamba umekataa.

Nilipoondoka Fahd hakunisindikiza mpaka langoni. Ni mara ya kwanza.

Ikiwa atakataa, Ishaq atabaki katika nyumba yangu, na baada yangu kwa Shihab, nimeshasema naye. Lakini nina miaka sabini na sita, na Shihab ana watoto wadogo, na sitakudanganya kwamba hilo linatosha. Ikiwa atakubali, nitakuwa nimempa mwanamke mwema mzigo niliousuka mimi kwa kalamu yangu. Katika yote mawili sioni mahali pa kupumzika.

Amerudi sasa hivi kutoka Ghala. Amesimama mlangoni akanisalimu: hali, Muhsina, watoto, habari. Nikamjibu. Akaenda kunawa, akarudi, akanisalimu tena tangu mwanzo. Niliiweka kalamu chini nikamjibu yote, neno kwa neno.

Bangili bado iko kwa Muhsina. Balqees akishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, na nitaandika neno alilolisema yeye, bila kuliongeza langu.

Kakako,
Sleyum